Baiskeli Isiyobeba Kitu: Miezi Kumi na Minne na Fremu ya Reynolds 531 Mjini Jinja

Swali ni moja, awe mtoto wa Walukuba au mzee wa Kakira: hii inabeba nini? Hawaanzi na bei, wala umri wake. Macho yanakwenda nyuma ya kiti, pale keria inapotakiwa kuwa, yanakuta hewa, kisha yananirudia usoni kana kwamba nimetapeliwa.

Jibu langu baada ya miezi kumi na minne: inanibeba mimi, pampu na chupa moja ya maji. Basi. Hata jerikeni ya lita tano haina pa kukaa. Na bado nimekuja hapa kuisifia, kwa hiyo nivumilieni.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Mimi ni mkereza vyuma hapa Jinja, mwaka wa thelathini na kitu sasa nikisimama mbele ya mashine. Kabla ya hapo, kuanzia 1989 hadi 1994, nilikuwa boda boda Busia, ile ya baiskeli, wakati neno lenyewe bado lilikuwa na maana yake: unamchukua mtu upande wa Uganda, unamshusha upande wa Kenya, boda kwa boda. Hero nyeusi, ile baiskeli nzito ya Kihindi, kiti cha sponji nyuma chenye kitambaa cha nailoni na vishada pembeni. Nilibeba wajawazito, nilibeba jeneza tupu mara moja, nilibeba mchungaji wa kilo mia aliyekuwa akiimba njia nzima. Pesa ile ndiyo iliyonilipia karo ya chuo cha ufundi. Baiskeli kwangu ilikuwa punda, na punda humwiti mzuri. Unamwita mzima au mgonjwa.

Hii niliipata Kampala, kwenye uwanja wa muuza mitumba anayepokea makontena kutoka Uingereza. Nilikwenda kumtafutia mwanangu baiskeli ya milima yenye springi. Ya springi bei yake laki tatu na nusu. Hii ilikuwa imetupwa chini ya rundo, imepakwa kwa brashi rangi ya bluu ya mlango, matairi yamekufa, haina stendi, haina keria, haina kengele. Laki moja na elfu themanini, na nilimwona muuzaji akiona haya kidogo kuzipokea.

Nilichokiona mimi ni viungio. Kwenye Hero na dada zake, pale mabomba yanapokutana pana kikombe cha chuma kinene, cha kazi, hakina maneno mengi. Hapa vikombe vilikuwa vimechongwa midomo yenye ncha ndefu, na kingo zake zimepigwa tupa mpaka zikawa nyembamba kama ukucha. Nilipitisha kidole. Kwa mkereza vyuma, kidole ndicho kinachosoma kwanza, macho yanafuata. Mtu alikaa na tupa ya mkono akapunguza ukingo ule, kiungio baada ya kiungio. Ipo sababu ya kiufundi: ukingo mwembamba unaukabidhi mzigo kwa bomba polepole, haulikati ghafla. Lakini ncha mbili za mbele, chini ya usukani, zimezidiana kama nusu milimita, kushoto na kulia. Mashine ingezifanya sawa. Nilimlipa yule bwana kabla hajabadilisha mawazo, na mwanangu akarudi nyumbani na ahadi.

Nyumbani niliitoa ile bluu kwa dawa ya kubandua rangi. Chini yake kulikuwa na kijani kibichi iliyokolea, na kwenye bomba la kiti mabaki ya kibandiko: herufi "nolds" na tarakimu "53". Yalitosha.

Reynolds hawatengenezi baiskeli; ni watu wa mabomba, wa Birmingham. Mwaka 1897 walipata hataza ya bomba lenye ncha nene na kiuno chembamba. Unene unabaki mwishoni, ambako moto wa fundi na mkazo wa barabara vinafika, katikati panapunguzwa. Mwaka 1935 wakatoa chuma walichokiita 531, chenye manganizi na molibdenamu ndani yake, na kwa miaka mingi baiskeli ya mashindano ya Kiingereza bila chuma hicho ilikuwa ya kuombewa radhi. Ukuta wa bomba kama hilo ni kama milimita 0.8 kwenye ncha, na katikati ni nusu milimita na kidogo. Unaweza kulisikia. Gonga kwa ukucha ukianzia karibu na kiungio, sogea taratibu kuelekea katikati: sauti inaanza kama ya mlango inaishia kama ya kengele. Watoto wa jirani sasa wanajua mchezo huo, na rangi imeanza kuonyesha.

Nani aliyeitengeneza? Hakuna jina popote. Kwa hiyo nikaisoma kama kachero. Kikombe cha kulia cha ekseli ya pedeli kina hesi za kushoto, nyuzi 24 kwa inchi: huyo ni Mwingereza. Mtaliano angeweka hesi za kulia pande zote mbili, kipenyo milimita 36. (Lishikeni hilo kabla ya kuinua spana. Nimewahi kumwona kijana akikaza kwa nguvu zake zote, akiamini anafungua.) Nafasi ya gurudumu la nyuma ni milimita 120, yaani gia tano nyuma, si sita. Na ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, Campagnolo Nuovo Record, una chapa ya PATENT-73. Waitaliano wale walikuwa wakipiga mwaka kwenye chuma, Mungu awape pepo. Basi mwaka 1973 au jirani yake, mahali fulani Uingereza, mtu nisiyemjua alipiga tarakimu nne chini ya fremu hii, na saba yake imelala upande.

Mulika tochi ndani ya bomba la ekseli ya pedeli. Utaona jinsi shaba aliyoungia ilivyotembea: imezunguka duara zima la kila bomba, haina pengo, haina tone lililoganda ovyo. Hapo mnunuzi hachungulii. Nimefanya kazi za watu miaka mingi na najua mahali fundi anapodanganya. Ni huko ndani ndani, mahali ambapo mteja atafika siku kitu kimeshavunjika. Huyu hakudanganya. Aliteleza mara moja tu: nyuma ya uma wa mbele upo mkwaruzo wa tupa, mfupi, kama kovu la wembe. Nilipopaka rangi upya niliuacha ulivyo.

Sasa tabu zake, maana nyingi hazikunisubiri nifike barabarani.

Nguzo ya kiti ilikuwa ya alumini, na alumini ikikaa miaka ndani ya chuma bila grisi, vinaoana. Ndoa ya Kikatoliki. Wiki tatu nzima. Nilimwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikaibana nguzo kwenye jiliwa na kuizungusha fremu nzima kama usukani wa lori, haikutikisika. Vijana wa karakana wakataka kuwasha gesi. Nikawaambia hapana: moto unaitanua alumini karibu mara mbili ya chuma, ungezidi kuikaza. Dawa ni baridi. Nikaenda Masese kwa wauza samaki, nikanunua ndoo ya barafu, nikaiponda na chumvi. Fremu nikaigeuza miguu juu, nikaijaza barafu kupitia bomba la ekseli mpaka ikashuka ndani ya nguzo, na kwa nje nikawa naikanda na kitambaa cha maji moto kama mtu anayeuguza goti. Baada ya dakika arobaini, jiliwa tena. Ililia mlio mrefu wa bawaba kavu, ikatoka, inanuka sangara. Ubavuni imechongwa 27.2. Hiyo ni habari njema kwa anayetaka kununua: bomba la nje ni milimita 28.6, kwa hiyo nguzo ya 27.2 inakuambia ukuta ni mwembamba, fremu ni ya daraja la juu. Ukikuta nguzo nyembamba zaidi kwenye fremu ya Kiingereza ya zama hizo, uliza maswali.

Matairi yalinitoa jasho zaidi. Baiskeli ilikuja na rimu za tairi za kugundishwa, zile ambazo tyubu imeshonewa ndani ya tairi na tairi lenyewe linabandikwa kwa gundi. Pancha moja njiani na unakuwa fundi cherehani chini ya mwembe. Nikazivua rimu, nikazitundika ukutani, habu, yaani vitovu vya magurudumu, nikazibakiza. Dukani nikaomba tairi za inchi 28, nikapewa za inchi 28. Nilipozivalisha kwenye rimu mpya zilicheza kama bangili ya mtu mzima kwenye mkono wa mtoto. Nikarudi kulalamika, muuzaji akaniambia ishirini na nane ni ishirini na nane, mzee. Nilikosea mimi pia, maana kalipa ya kupimia milimita ninayo na sikuitumia. Ishirini na nane ya Hero ni milimita 635 ukipima kipenyo cha mduara ambao tairi linakalia. Ya mashindano ni 622. Tafuta tarakimu hizo ndogo ubavuni mwa tairi, inchi zipuuze. Hatimaye nikaagiza Nairobi kupitia mpwa wangu anayeendesha trela, tairi za 28-622, na upana huo ndio mwisho. Ukizidisha, tairi linasugua uma.

Na hapo hapo pana raha ambayo sikuitegemea. Habu ya nyuma ya Campagnolo inatembea juu ya golori za robo inchi, tisa kila upande. Golori hizo hizo ndizo za Hero. Nilizinunua sokoni Jinja, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, na kifaa kilichotengenezwa Vicenza kikazipokea bila kuuliza zimetoka wapi. Ikizunguka mkononi huhisi chochote, unaona tu spoku zikipotea.

Cheni usinunue ya Hero, ni pana mno kwa gia hizi. Ya baiskeli ya milima ya gia sita au saba inakaa. Friwili nayo, lile rundo la gia za nyuma, inafunguliwa kwa chombo chenye meno mawili ambacho sikukipata Jinja wala Kampala. Nilikikereza mwenyewe jioni moja. Usipokuwa na mashine wala rafiki mwenye mashine, hapo ndipo safari yako itakapokomea, nasema mapema.

Siku nilipoitoa nje mara ya kwanza, imekamilika, kijani yake inang'aa, jirani yangu mchomeleaji alivuka barabara na nondo mbili mkononi. Mtu mwema sana. "Mzee, leta nikuwekee keria. Kwako ni bure." Na mimi namwelewa. Busia, Hero mpya haikugusa abiria kabla haijapelekwa kwa fundi kuongezewa vyuma, kwenye uma, chini ya keria, kila mahali, mpaka inakuwa nzito kuliko abiria wenyewe. Nikamweleza kwamba moto wa umeme kwenye ukuta wa nusu milimita utatoboa, au utaacha mahali pakavu pa kupasukia baadaye. Akasikiliza, akaigonga kwa ukucha, akasikia kengele. "Sasa kama haiwezi kuongezwa chuma," akasema, "itapona vipi?" Akarudi na nondo zake. Tangu siku hiyo ananiita Mzee Bila Keria.

Ekseli za magurudumu yake, za kufungua kwa kishikizo bila spana, zina historia tamu. Wapenda baiskeli husimulia kwamba mwaka 1927 Tullio Campagnolo alikwama kwenye mlima wa Croce d'Aune, Italia, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, akashindwa kufungua nati ili ageuze gurudumu apate gia ya kupandia. Mwaka 1930 akapata hataza ya kishikizo, na 1933 akaanzisha kampuni yake Vicenza. Uvumbuzi mwema kwa mtu mwenye baridi. Kwa Jinja ni karamu ya mwizi: ukiegesha nje ya benki, kabla hujafika dirishani gurudumu limekwenda sokoni. Mimi hupitisha mnyororo kwenye magurudumu yote mawili, na mnyororo huo una uzito wa kilo mbili na nusu. Nimepunguza uzito wa baiskeli ili nibebe mnyororo. Nimekwisha kuchekwa kwa hilo, msijisumbue.

Kiti ni Brooks, ngozi tupu iliyowambwa juu ya chuma na kupigiliwa misumari mikubwa ya shaba nyekundu. Brooks nao ni wa Birmingham, tangu 1866, walianza na hatamu na ngozi za farasi, na inasimuliwa kuwa mzee Brooks aligeukia viti vya baiskeli baada ya farasi wake kufa na kiti cha baiskeli ya kuazima kumuumiza. Sifa ya ngozi hiyo ni kwamba inajifunza umbo la mwenyewe. Tatizo ni kwamba hii ilikuwa imeshajifunza. Makalio ya Mwingereza fulani, mzito kidogo upande wa kulia, yalikuwa yamechimba mashimo mawili ambayo si yangu. Miezi miwili ya kwanza nilikaa kwenye kumbukumbu za mtu mwingine. Nilipaka mafuta ya ngozi, kidogo kidogo, nikakaza ile nati ya mbele robo mzunguko, nikavumilia. Siku moja njiani kwenda Kakira niligundua kwamba kwa nusu saa sikuwa nimekiwaza kiti.

Kuiendesha sasa. Kilo kumi na robo, kwa mizani ya duka la mchele. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika, tuliyatazama kibandani Walukuba, na mwanangu akanisomea kwenye simu kwamba baiskeli zile haziruhusiwi kupungua kilo 6.8. Akaniuliza mbona hazina nyaya. Nikamwambia nyaya zimefichwa, nyingine hazina kabisa, wanahamisha gia kwa betri. Akatazama kijani yangu kupitia mlango, nyaya zake zimetoka nje kama mishipa ya mzee, akanyamaza kwa heshima.

Mimi hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla matrela ya miwa hayajaanza kumwaga vijiti vyao barabarani. Ukikanyaga, inaondoka. Hero ina subira yake: unakanyaga, chuma kinafikiri, kiti kinajibu, halafu gurudumu linasogea. Hii haina mazungumzo. Na licha ya wembamba wake haikupigi. Uma wa mbele umepindwa mbele kwa mkunjo mrefu, na kila nyufa ya lami unaiona uma ukiinywa kabla haijafika mkononi. Vijiti viwili vya gia viko kwenye bomba la chini, havina alama wala tiki, unavuta na kusikiliza. Cheni ikinung'unika, rudisha unywele mmoja. Ikinyamaza, umepata. Wiki mbili nilikuwa nakosea kila kilima. Sasa mkono unajua peke yake, kama kutafuta kituo kwenye redio ya mkulima.

Lakini si hayo. Ni hivi. Miaka mitano ya Busia ilinifundisha kusikiliza kwa mgongo. Abiria akigeuka kumsalimia mtu, unajua kabla usukani haujayumba. Akiogopa, anakushika shati. Akiwa na haraka, anaegemea mbele. Akiwa hana nauli, anakuwa mkimya namna fulani kuanzia nusu ya safari. Mzigo ukiwa gunia, unausikia ukihama. Miaka thelathini nilipanda baiskeli za kila aina kwenda kazini na mgongo wangu uliendelea kusikiliza, maana keria ilikuwa pale, tupu, inasubiri. Kilima cha kwanza juu ya hii, mgongo ulitega sikio ukakuta hakuna kitu. Wala si kwamba abiria ameshuka. Mahali pake hapapo. Nilifika juu nimeishiwa pumzi nikicheka peke yangu, na mwanamke mmoja aliyekuwa na beseni la maembe kichwani akavuka upande wa pili wa barabara.

Fundi yule wa 1973 alipima mtu mmoja, urefu wa mguu, urefu wa mkono, akakata mabomba. Mtu huyo alikuwa na mikono mirefu kuliko yangu, nimelazimika kuweka shina fupi la usukani. Hata hivyo ni kama kuvaa suti ya marehemu mjomba: umekunja mikono tu, mabega yanakaa.

Wa kuiacha: mwenye mgongo mbovu, maana unainama. Mwenye barabara ya murram. Nilijaribu njia za vijijini kuelekea Kamuli na nikarudi meno yanauma. Mwenye kazi ya kubeba chochote, hata mkate, labda uweke kifuani. Gia yake nyepesi kabisa ni meno 42 mbele na 24 nyuma, ambayo kwa kijana wa miaka ishirini ni utani na kwa magoti ya miaka hamsini na tano ni kesi. Vali za tyubu ni zile nyembamba za Kifaransa zenye kinati juu, pampu ya kando ya barabara haizikamati. Nunua kile kipande cha shaba cha kuunganishia, weka kimoja mfukoni, kimoja nyumbani, cha tatu kwa jirani. Mvua ikiipiga, igeuze, toa nguzo ya kiti, acha maji yatoke, mwaga mafuta kidogo ndani. Chuma hiki hakichoki upesi lakini kutu haiheshimu kibandiko. Breki zinatosha ukizikumbuka mapema.

Gharama zote, pamoja na rimu, spoku, tairi, cheni, nyaya, vipande vya breki na ndoo ya barafu, zilifika laki sita na elfu ishirini. Kwa fedha hiyo unapata baiskeli mpya ya mizigo na chenji ya soko. Mama watoto anaijua hesabu hiyo na huisoma kwa sauti wageni wakija. Mimi ningelipa tena, na ningeanza na kalipa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu niliipeleka Busia. Nilitoka Jinja saa kumi na moja na nusu alfajiri, Musita nikakata kulia, nikaishika ile lami ya Mayuge, Namayingo na Lumino. Kilomita mia na zaidi. Nilikula rolex mbili, zile chapati zilizoviringwa na mayai, Namayingo, nikapata pancha kabla ya Lumino, nikaiziba mbele ya darasa zima la watoto waliokuwa wakinihesabia mipigo ya pampu. Kilima kimoja nilikipanda kwa miguu, nikijifanya naongea na simu. Saa nane mchana nikaingia mjini.

Stendi yetu ya zamani sasa ni pikipiki tupu. Katika wale wa enzi zetu nilimkuta mmoja tu, ana kibanda cha kuziba pancha karibu na soko la Sofia. Kwenye stendi tulimwita Kasuku. Mimi nilikuwa Kobe, kwa sababu nilikataa kuteremka mlima kwa kasi na mtu nyuma.

"Kobe! Na baiskeli ya mashindano!" Alicheka mpaka akakaa. Kisha akaja akaiinua kwa vidole viwili, akaitazama usoni, akaitua.

"Abiria anakaa wapi?"

"Hakai."

"Hakai leo, au hakai?"

"Hakai kabisa, Kasuku. Haina pa kumweka."

Hapo akanyamaza, na jina lake halikumzoeza hivyo. Akapitisha dole gumba kwenye kiungio cha mbele, polepole, ukingo mzima, ncha hadi ncha, akarudia. Akafuta mkono kwenye suruali. Akauliza kama breki inafanya kazi. Akapanda, usukani ukamyumba mara mbili, wateja wa chai wakapiga kelele, akapotea kuelekea njia ya Tororo.

Nilikaa kwenye benchi lake nikamzibia mteja pancha moja, ya pikipiki, elfu mbili. Nusu saa ikapita. Nilikuwa nimeanza kuwaza mambo mabaya aliporudi, shati limelowa mgongoni, mdomo umefunga. Akaiegemeza ukutani kwa mikono yote miwili, akahakikisha haitelezi.

"Kiti kiko juu," akasema. "Nishushie kidole kimoja."

Nikatoa spana.